Wakwe wamemchukua mwanangu, wanasema mtoto anafuata ng'ombe

Shikamoo anti. Jina langu naomba usiliweke mana huku tunajuana. Nina miaka 31 na watoto wawili, wa kiume ana miaka 9 yuko la tatu, wa kike ana 4. Saizi niko kwa wazazi wangu wilaya ya Bahi ila maisha yangu yote ya ndoa nimeishi Dodoma mjini, tulianza kwa kupanga Chang'ombe baadae tukajenga Nzuguni.

Mimi na mume wangu hatukufunga kanisani wala bomani. Kwao ni Kongwa, mwaka 2014 wazee wao walikuja kwetu wakatoa ng'ombe 9 na mbuzi, watu wakala wakanywa, nikaondoka na mume wangu. Cheti hatuna. Yeye ni dereva wa fuso anabeba mahindi na alizeti kutoka Kibaigwa, mimi nilikuwa napika karibu na soko la Sabasaba, asubuhi chai na chapati mchana ugali mlenda na wali maharage. Kiwanja tulinunua 2018 akaandika jina lake, sikuwaza kitu, nilijua ni mume wangu. Wakati wa kujenga nilikopa laki 8 kwenye vikoba nikanunua bati, maji ya mafundi nilikuwa nabeba mwenyewe na tumbo la huyu mdogo, yani anti ile nyumba naijua tofali kwa tofali.

Tangu mwaka jana akawa harudi, akirudi ni ugomvi, hela ya matumizi hakuna. Mwezi wa tatu mwaka huu akaleta mwanamke mwingine pale pale Nzuguni akasema ndio mke wake mpya nikae nae. Nikakataa, usiku huo nikaenda kulala kwa shoga yangu na watoto wote wawili. Kesho yake akanitumia meseji, neno kwa neno ilisema "kuanzia leo nimekuacha kachukue nguo zako nenda kwenu na waniletee ng'ombe zangu". Hiyo meseji bado ninayo.

Nikapanga chumba Nkuhungu nikaendelea na biashara. Sasa wiki tano zilizopita, asubuhi kama saa 12 na nusu, mimi niko Sabasaba nageuza chapati, shemeji yangu akaja na bodaboda pale nilipopanga akamkuta mtoto kavaa sare anasubiri kwenda shule, akamwambia panda nikupeleke. Hakumpeleka shule, alimpeleka Kongwa kwa bibi yake. Begi liliachwa mlangoni. Jioni napiga simu mama mkwe ananiambia huyu mtoto ni wa kwetu ng'ombe zilitoka, na huyo mwingine akifika miaka 7 tunakuja kumchukua, ndio sheria. Kilichoniumiza zaidi juzi mtoto aliomba simu ya jirani akanipigia, haniulizi kingine, ananiuliza mama daftari langu la hesabu liko wapi. Nikamuuliza kwani unaenda shule, akasema hapana nachunga mbuzi na babu.

Biashara ikanishinda kwa mawazo nikarudi nyumbani na huyu mdogo. Nikaenda baraza la kata ya huku kwetu kushtaki, mzee mmoja akaniambia warudishe ng'ombe kwanza ndio tuongee habari ya talaka. Baba yangu tangu siku hiyo haongei, anakaa tu nje, mana ng'ombe wenyewe kaka yangu alishaolea. Na nimesikia mume wangu anatafuta dalali wa kuuza nyumba.

Sasa anti, hapa mimi nimeachika au sijaachika? Mtoto nampataje? Nyumba ndo imeenda hivo kwasababu sina jina? Na nikienda mahakamani bila ng'ombe si nitafukuzwa?

Mama wawili, Bahi.

JIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Barua yako nimeirudia mara tatu, hilo la daftari limenikaa. Mimi sio wakili, nimefanya kazi ya msaidizi wa kisheria miaka kadhaa kwahiyo haya ninayokwambia ni ya mtu aliyekaa kwenye yale mabenchi na akina mama kama wewe, ukifika huko mbele utapata wa kukusimamia.

Wewe umeanza kuuliza umeachika au la. Mimi nitaanza na mtoto, mana hilo ndio haliwezi kusubiri na wala halihitaji kusubiri talaka. Watu wengi hawajui hapa. Wanadhani mpaka kesi ya ndoa iishe ndio mtoto aongelewe, mwaka unapita mtoto yuko kwa bibi ameshazoea. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamruhusu mzazi kwenda mahakamani kuomba kukaa na mtoto na kuomba matunzo yake hata kama ndoa haijavunjwa, na unaweza kuomba amri ya muda ya mtoto kurudi wakati kesi yenyewe inaendelea.

Kabla ya mahakama pita ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yako hapo Bahi. Waeleze kama ulivyonieleza mimi, ila uweke mbele jambo moja ambalo wewe umelitaja kama la pembeni, kwamba mtoto wa darasa la tatu ana wiki tano haendi shule anachunga mbuzi. Hapo ndipo shemeji yako na mama mkwe wamejifunga wenyewe. Ugomvi wa mama na ukoo wa baba maafisa wanausikia kila siku, lakini mtoto aliyetolewa shule akiwa na sare mwilini hilo ni suala la haki yake yeye, na watu wa ustawi wa Bahi wanaweza kuwasiliana na wenzao wa Kongwa wakaenda kumuona mtoto alipo. Baadae mahakama nayo huwa inamuagiza afisa ustawi aandike taarifa ya mazingira ya mtoto, kwahiyo huyo afisa mheshimu, mpe namba za simu zinazopatikana, usimkwepe hata akija bila kukwambia.

Mwalimu mkuu wa shule aliyokuwa anasoma mwombe barua yenye mahudhurio, siku ya mwisho kuonekana ni lini. Na usiende Kongwa kumvizia mtoto akiwa malishoni umrudishe kwa bodaboda, najua umeshawaza. Nimeona mama mmoja alifanya hivo, kesi ikageuka yeye ndio anaelezwa kama mtu anayemhamisha hamisha mtoto, na moja ya vitu mahakama inavyoangalia ni mtoto asivurugwe vurugwe.

Sasa hii habari ya miaka 7. Mama mkwe kashika kipande cha sheria akakigeuza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mtoto wa chini ya miaka 7 inachukuliwa ni vizuri akae na mama yake, ila anayepinga anaweza kuleta ushahidi kwamba huyo mama hafai. Basi. Hakuna sehemu imeandikwa siku akitimiza 7 baba aje kumchukua kama mzigo wa stoo. Akishavuka umri huo kinachoangaliwa ni kile kile, ustawi wa mtoto kwanza, alafu matakwa ya wazazi, matakwa ya mtoto mwenyewe kama ana akili ya kujieleza (wako wa miaka 9 anayeulizia daftari la hesabu hakimu anaweza kabisa kumsikiliza), na mila za jamii husika. Ndio, mila zimetajwa sitakudanganya, wataenda kusema sisi Wagogo mtoto ni wa baba na hakimu atawasikiliza. Ila mila ni kimoja kati ya vingi na ustawi ndio uko juu. Ng'ombe hawamo kwenye orodha.

Na Sheria ya Mtoto inataka pia izingatiwe kuwaweka ndugu pamoja. Hakimu halazimiki kuwapa watoto wote kwa mzazi mmoja, anamwangalia kila mtoto kivyake, lakini wewe hiyo hoja iseme, kwamba hawa wawili wamelala kitanda kimoja tangu mdogo azaliwe kama ndivyo ilivyokuwa. Jiandae pia kuulizwa utakaa nao wapi. Ukijibu "popote tu Mungu atasaidia" umejiharibia. Sema niko kwa wazazi, shule iko umbali huu, napika nauza napata kiasi hiki. Kidogo sio kosa, kwanza jukumu la matunzo linabaki kwa baba yao hata watoto wakiwa kwako. Kiwango hakuna kilichopangwa kwa wote, mahakama inaangalia kipato na mali za wazazi wote wawili na gharama za maisha za pale mtoto anapoishi, kwahiyo andika kwenye karatasi unatumia shilingi ngapi kwa mwezi, chakula, sare, dawa, na toa rekodi za M-Pesa zionyeshe mara ya mwisho alituma lini. Dereva wa fuso atasema hana mshahara. Wewe tafuta kujua gari anaendesha la nani na kwa wiki anapiga trip ngapi Kibaigwa, watu wa sokoni wanajua.

Nyumba. Hili nalo lifanye wiki hii hii, usisubiri. Nyumba ambayo mume na mke wameishi kama makazi yao ya ndoa, hata jina likiwa la mmoja, huyo mmoja hawezi kuiuza, kuipangisha wala kuiwekea rehani bila ridhaa ya mwenzake wakati ndoa bado ipo. Na ndoa yenu bado ipo, nitafika hapo. Sheria inakupa haki ya kuweka zuio. Kama kiwanja kina hati unaenda ofisi ya msajili wa hati, zuio linaingizwa kwenye rejista na atakayekuja kufanya upekuzi analikuta. Kama ni kile cha karatasi za mauziano tu za serikali ya mtaa, andika barua nakala tatu, moja kwa mwenyekiti wa mtaa wa pale Nzuguni moja kwa mtendaji, wagonge muhuri wa kupokea kwenye nakala yako, useme wewe ni mke, hiyo ndio nyumba ya familia, hujaridhia iuzwe. Mnunuzi yeyote wa Dodoma mwenye akili anapita kwa mwenyekiti kwanza, watu walishaumia sana na viwanja mji huu tangu enzi za CDA, ile mamlaka iliyokuwa inagawa viwanja vya mji, na dalali akisikia kuna barua ya mke anatafuta nyumba nyingine ya kuuza.

Haya tuje kwenye kuachika. Hujaachika. Meseji haivunji ndoa. Kwa Tanzania Bara ndoa inavunjwa na mahakama, iwe ya kanisani, ya bomani, ya Kiislamu au ya kimila kama yako. Kukosa cheti pia hakukufanyi usiwe mke, ndoa ya kimila inatambulika na kutosajiliwa peke yake hakuifuti, wazee waliokuwepo siku ng'ombe wanatolewa ndio mashahidi wako, waandike majina kabla wakwe zako hawajaanza kuwasahaulisha. Na hata mtu akibisha kwamba hakukuwa na ndoa, kuna kifungu cha dhana ya ndoa, mwanaume na mwanamke wakikaa pamoja miaka miwili au zaidi na jamii ikawajua kama mke na mume wanachukuliwa ni wanandoa mpaka athibitishe vinginevyo. Nyie mmekaa zaidi ya miaka 10.

Meseji yenyewe usiifute lakini. Haivunji ndoa ila inaonyesha nani alimfukuza nani.

Ukitaka talaka njia inaanzia baraza la usuluhishi la ndoa, na hapa ndipo wanawake wengi wanapoteza miezi. Baraza gani? Sheria inasema ni la kata anayoishi MUME, kama hayuko nchini ndio la kata anayoishi mke. Wewe umeenda kata ya kwa baba yako. Hata yule mzee angekuwa na hekima ya Suleimani, cheti cha usuluhishi cha baraza lake kingeweza kukuletea shida mbele. Kwako ni kata ya Nzuguni, au kama wote ni wa dhehebu moja lenye baraza lake la ndoa lililosajiliwa mnaweza kwenda huko. Wanamuita, mnasikilizwa, ikishindikana wanatoa cheti kwamba wamejaribu kusuluhisha wameshindwa. Akiitwa asije, wanaandika hivyo hivyo kwamba kaitwa hakuja, asikutishe kwa kugoma.

Hicho cheti kiangalie vizuri kabla hujaondoka pale. Sio barua ya "tunamleta mama huyu kwenu kwa hatua zaidi" na muhuri wa kata. Ni fomu namba 3, na iseme wazi baraza limeshindwa kusuluhisha. Mahakama ya Rufani imeshawahi kufuta mwenendo mzima wa kesi ya talaka kwasababu ya cheti kisicho sahihi, watu walishagombana ngazi mbili tatu wakarudishwa mwanzo kabisa kama hawajafanya kitu. Alafu kina muda, ukishakipata fungua kesi ndani ya miezi sita, usikiweke kwenye sanduku mpaka hasira zipungue. Mahakama ya mwanzo inaweza kuipokea kesi yako, na baada ya hukumu asiyeridhika ana siku 45 za kukata rufaa.

Sababu ya talaka kwetu ni moja tu, ndoa imevunjika haiwezi kurekebishika, mengine yote ni ushahidi wa hilo. Nakushauri usiegemee sana kwa huyo mwanamke aliyeletwa. Ndoa ya kimila sheria inaichukulia kama inaruhusu mke zaidi ya mmoja, atasimama kifua mbele aseme nimeoa wa pili kuna shida gani. Wewe simama kwenye kufukuzwa, kunyimwa matumizi na kutelekezwa na watoto.

Mgao wa mali unakuja na hukumu ya talaka au ya kutengana, sio kabla, kwahiyo vikao vya kugawana vitanda na sufuria huko Kongwa usisaini kitu. Na sio nusu kwa nusu ya moja kwa moja kama watu wanavyosema vijiweni. Inaangaliwa kila mtu alichangia nini, kwa hela, kwa mali au kwa KAZI. Kuanzia kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu mwaka 1983 Mahakama ya Rufani ilishasema kazi za nyumbani za mke nazo ni mchango (japo Bi Hawa mwenyewe hakuambulia, mahakama iliona mume alishampa hela za kuwekeza akazichezea). Wewe una vyote, una kazi na una hela. Kile kitabu cha vikoba chenye laki 8 kitafute leo, na risiti ya bati kama ipo, na fundi aliyekuona unabeba maji mpigie simu umuulize kama yuko tayari kuja kusema. Kama mkopo bado unaulipa sema pia, madeni ya kwa ajili ya familia yanahesabiwa.

Ng'ombe nimewaweka mwisho makusudi. Hakuna hakimu anayesema rudisha ng'ombe kwanza ndio nikusikilize, na yule mzee wa baraza hakuwa na mamlaka ya kukwambia vile. Mumeo akiona anadai mahari arudishiwe hilo ni dai lake, alifungue yeye na alithibitishe, na hata kwa sheria za mila zilizoandikwa mwaka 1963 mwanamke aliyezaa na mwanamke aliyefukuzwa hahesabiwi sawa na aliyekimbia bila mtoto. Mwambie baba yako hivyo, ikiwezekana msomee hii barua jioni akiwa amekaa hapo nje. Mzee wa watu anahesabu ng'ombe 9 ambao hakuna aliyemshtaki.

Hela ya wakili kama huna isikusimamishe. Kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, wasaidizi wa kisheria wapo mpaka vijijini, uliza ofisi ya maendeleo ya jamii ya wilaya wanawajua, na ukisikia ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia imefika karibu wahi na karatasi zako. Ukikutana na kijana nje ya mahakama anakwambia elfu hamsini nikuandikie fomu, pita kama hujamsikia.

Kwahiyo jumatatu asubuhi ni ustawi, jioni yake au kesho yake panda gari la mjini upeleke zile barua Nzuguni, na ukiwa hapo hapo pita ofisi ya kata ufungue shauri la usuluhishi ili usilipe nauli mara mbili. Na lile daftari la hesabu kama bado liko kwenye begi libebe uende nalo ustawi. Fungua ukurasa wa mwisho uliosahihishwa, mwalimu huwa anaweka tarehe.